Sindano za Wazazi Wasiokuwepo

Haya, nyinyi mnaoajiriwa sasa kwenye bohari za dawa, nawasikia mnavyotamba. Mna vishikwambi, mna mfumo, mnabonyeza mara moja na zahanati ya mbali kabisa inajitokeza kwenye kioo na dawa zake zote. Hongereni. Mimi Somoe nilitunza bohari ya dawa ya wilaya hapa Mtwara mpaka nywele zikageuka rangi, nikastaafu na magoti mabovu na jambo moja ambalo mpaka leo silielewi. Nikikaa kibarazani kwangu Magomeni, hii yetu ya Mtwara, nalirudia kichwani, na kila nikilirudia linanivuruga upya. Nawaandikia ili liwavuruge na nyinyi, mimi nipumzike kidogo.

Jambo lenyewe ni hili. Muuguzi mmoja wa zahanati iliyo karibu na mdomo wa Ruvuma alisemwa kuwa anaiba sindano za wazazi na kuziuza ng'ambo ya mto, Msumbiji. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliotumwa kwenda kutazama kama ni kweli. Nilitazama, nikahesabu, nikarudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Kijiji sikitaji, watu wake wapo na simu wanazo.

Lakini kwanza bohari. Naona wengi wenu mnadhani bohari ni kompyuta. Aliyenifundisha kazi, Mzee Chilumba, Mungu amrehemu, alikuwa anaingia bohari kwa pua. Anafungua mlango, anasimama, ananusa, ndipo anaingia. Nilidhani ni mambo ya uzee. Kumbe hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na boksi likianza kunyonya unyevu hutoa harufu kabla jicho halijaona doa. Alikuwa akisema dawa hailalii ukuta na hailalii sakafu, na inayokaribia kufa ndiyo itangulie kutoka. Alikuwa pia na paka wa kukamata panya, akimwita Mkaguzi, na wakaguzi wa kweli walipokuja kutoka mkoani tulipata taabu sana kumwita yule paka.

Makosa yapo, msidhani tulizaliwa tunajua. Mwaka wangu wa kwanza zahanati moja iliomba glovu, mimi nikawapelekea boksi zima la mipira ya kutolea mkojo, kwa sababu lebo zilikuwa zimebanduka na maboksi yalifanana. Muuguzi wa kule alimtuma dereva aniambie wameshukuru sana, ila wamejaribu kuivaa mikononi na vidole havienei. Mzee Chilumba alicheka wiki nzima. Tangu siku ile boksi silipakizi bila kulifungua, hata liwe na lebo ya dhahabu.

Mambo mengine hayamo katika vitabu vyenu. Msimu wa korosho ukianza, malori yote yanakimbilia minada na bandari, na wewe mwenye maboksi ya dawa unabaki kubembeleza madereva kama mtu anayeomba mchumba. Kwa hiyo mzigo wa mbali unautoa mapema, kabla mnada wa kwanza haujafunguliwa. Masika nayo ina adabu yake: barabara za kule mtoni hukatika, basi unapeleka akiba kabla mawingu hayajajikusanya. Na jambo la tatu, ambalo nililiona la ajabu kuliko yote, Mzee Chilumba alikuwa akiwauliza madereva wanaporudi safari: harusi zimefungwa wapi mwaka huu? Nikamwona mmbea tu, mzee mzima anafuatilia harusi za watu. Kumbe korosho zikiuzwa vizuri watu wanaoa, na wakioa hesabu inajulikana, miezi yake ikitimia sindano zinatakiwa. Sindano ninayoisema ni ile ya kuzuia damu mama akishajifungua. Inakaa kwenye friji, haitaki joto wala kugandishwa, na ikikosekana siku inapohitajika mama anaweza kufa huku mnamtazama. Hiyo ndiyo dawa aliyodaiwa kuiba Atanasia.

Atanasia alikuwa muuguzi wa ile zahanati, Mmakonde wa bara, mfupi, mkimya, mwenye tabia ya kukujibu baada ya kufikiri mpaka unadhani hakukusikia. Mimi na yeye tulijuana kwa simu miaka mingi kabla hatujaonana uso kwa uso. Akiomba kitu haelezi. Anasema tu, "Dada Somoe, niongezee sindano," basi. Enzi za Mzee Chilumba hilo lilitosha. Mzee alimwongezea, na baada yake nami nikamwongezea, kwa sababu dawa zake hazikuwahi kuoza kwenye rafu.

Kisha akaja mfamasia mpya wa wilaya, Erasto, kijana wa Kagera. Nisimseme vibaya, alikuwa mstaarabu na mchapakazi, akiniita mama na kunipokea mizigo. Alikuja pamoja na mfumo. Mfumo ukataka kila zahanati ipewe sindano kulingana na wajawazito walioandikishwa kliniki hapo. Jambo la akili kabisa, nami nililiunga mkono. Lakini tulipoanza kuitazama zahanati ya Atanasia, tukaona mambo hayashikani. Wajawazito walioandikishwa walikuwa wachache, na wengi wao hawakujifungua hapo. Wanafika kliniki vizuri, mimba inakua, mwezi wa mwisho wanapotea. Wakati huohuo sindano zinakwisha kwa kasi kuliko zahanati yenye watu mara mbili yao.

Erasto aliniuliza mimi maana yake nini. Nikamwambia sijui. Na kweli sikujua, wanangu. Nilikaa na zile namba asubuhi nzima, nikazigeuza hivi, nikazigeuza vile, kichwa kikaniuma. Wazazi wanaotakiwa kuwepo hawapo, na dawa imetumika kwa nani?

Hapo maneno yakaanza. Mjumbe mmoja wa kamati ya afya akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na kwamba watu wa kule wana ndugu ng'ambo, mtumbwi ni hatua chache, sindano ndogo inakaa mfukoni. Kabla ya mwezi kwisha Atanasia alikuwa mwizi katika vinywa vya watu ambao hawajawahi hata kumwona. Nilimpigia simu nikamwambia ajieleze, mambo yanaharibika. Akasema niende nikaone mwenyewe.

Tukaenda, mimi na Erasto, kwenye gari la wilaya, na kasha langu la baridi nimelipakata. Zahanati ilikuwa safi mno. Friji inafanya kazi, kipimajoto kipo, sindano zimepangwa zinazokaribia kuisha muda zikiwa mbele, kama alivyotufundisha mzee. Nikahesabu kwa mkono, moja moja. Chupa tupu za zilizotumika alikuwa amezitunza kwenye ndoo yenye mfuniko, kazi ambayo hakuna aliyemwagiza. Zilizoingia, zilizobaki na zile tupu zilikubaliana. Hakuna hata moja iliyopotea. Lakini majina ya waliochomwa yalikuwa machache kuliko chupa tupu. Erasto akamuuliza hawa wengine ni akina nani. Atanasia akasema ni wazazi. Wazazi gani? Waliokuja kuzaa. Wanakaa wapi? Akatazama dirishani. Nilitamani kumtikisa mabega. Nikajiuliza, huyu mwanamke anajitetea au anajichimbia kaburi?

Tungeondoka hivyohivyo kama si Bi Atija. Huyu ni mama wa kijiji kile, wazee wake walitoka Msumbiji zamani, ana shamba la mihogo na sauti inayosikika mpaka mnadani. Aliingia uani akimshikilia binti yake Lukia, na kanga zimelowa mpaka kiunoni kwa kushuka kwenye mtumbwi. Uchungu ulikuwa umeshika. Atanasia akatuacha na maswali yetu akaenda kuzalisha. Mtoto alitoka salama, lakini damu ikafuata kwa fujo, na nikamsikia Atanasia akiita sindano kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Aliyekimbilia friji ni Erasto. Mimi nikamshikia mlango. Lukia alichomwa, tumbo likakandwa, tukangoja. Damu ikakata. Erasto alikaa chini kwenye ngazi kama mtu aliyetoka kulima.

Baada ya kutulia, akachukua kishikwambi chake aandike, maana ni kazi yake. Akamuuliza Bi Atija binti anaishi wapi. Ng'ambo, kwa mumewe. Amehudhuria kliniki wapi? Ng'ambo. Erasto akasema kwa upole kwamba basi huyu ni wa kule, si wa hapa. Bi Atija akamtazama kama anayemwonea huruma.

"Baba, huyu nimemzaa nyumba ile pale," akasema. "Mimba ya kwanza mtoto wa kike anarudi kuzalia kwa mama yake. Sasa wewe ulitaka akazalie kwa nani?"

Erasto akanigeukia mimi. Aliniuliza kama nilikuwa najua habari hiyo. Jamani, nilijua! Kila mtu huku anajua. Mimi mwenyewe nilizalia kwa mama Mikindani, wanangu wa kike walizalia kwangu, Atanasia alizalia kwa mama yake bara. Ni jambo la kawaida mno, huwezi kufikiri kwamba kuna mtu wa kuambiwa, sawa na kumwambia mtu kwamba chakula kinaliwa kwa mdomo. Na ndiyo maana hakuna aliyelisema, si mimi, si Atanasia, si mwanakamati yeyote, na wengi wao ni wenyeji. Wake walioolewa pale kijijini wanaandikishwa kliniki, mwezi wa mwisho wanaondoka kwenda kwa mama zao. Mabinti wa pale walioolewa ng'ambo na kwingineko wanakuja kuzaa bila kuandikishwa. Wakimaliza arobaini wanarudi kwa waume zao, na kwenye mfumo ni kama hawakupita. Mfumo unadhani mwanamke anazalia anapolala. Nani kauambia hivyo?

Nilidhani mambo yameisha. Tulirudi mjini Erasto akicheka mwenyewe njiani, akinihadithia kwamba kwao bibi harusi anazalia kwa mume, ndiyo maana hakuwaza. Kwenye kamati alimtetea Atanasia, tena vizuri. Mimi nikaulizwa swali moja, dawa imepotea au haikupotea? Nikasema haikupotea, imetumika kwa wazazi wasiokuwepo. Watu wakacheka. Yule mjumbe akasema mzazi mmoja mliyemwona si ushahidi, aleteni wengine waje kueleza. Na wengine walikuwa wamekwisha kurudi kwa waume zao.

Nikampigia Atanasia aniambie majina, niwatafute mmoja mmoja hata kwa mtumbwi. Akakataa. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikamwambia atapoteza kazi. Akafikiri kwa muda wake uleule mrefu.

"Dada Somoe," akasema, "nikiwaita waje kuhojiwa na kamati, mwakani hawatakuja kuzaa."

Hakufukuzwa. Alihamishwa kwenda bara mbali, ili kuondoa maneno. Barua haikusema ameiba na haikusema hakuiba. Mpaka leo sijui hiyo ni hukumu ya namna gani, mtu anaondolewa doa kwa kuondolewa yeye. Nilikasirika, lakini nilikasirika na nani? Erasto alisema kweli. Kamati ilifuata taratibu. Mfumo hauna uso wa kuzabwa kibao. Nilirudi bohari nikapanga upya rafu nzima ya dripu bila sababu.

Akaja muuguzi mpya, kijana nadhifu, mtaratibu. Sindano zilizotoka kwake zililingana na wazazi walioandikishwa, moja kwa moja, bila kubaki wala kupungua. Robo mwaka ya kwanza ilipofungwa, zahanati ile ilisifiwa kwenye kikao kwamba imerekebishika. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Kisha mikono ikasita. Nikatazama zile namba zilivyokaa sawa, nikajiuliza: Bi Atija na wenzake mabinti zao wamezalia wapi? Nilimuuliza Erasto. Akapiga simu kule mbele yangu, na yule muuguzi akaeleza kwa adabu kwamba asiye na kadi ya kliniki ya hapo anaandikiwa rufaa ya mjini, kama inavyotakiwa. Rufaa ya mjini, na uchungu umeshika, na barabara ile mnaijua.

Erasto akaanza kuandika barua za juu, kuomba mfumo uwe na nafasi ya mzazi aliyerudi kwao. Aliandika nyingi. Mimi nilikuwa nimebakiza muda kidogo tu kazini, sikujua la kuandika.

Kisha siku moja nikaona bajaji imesimama mbele ya bohari, anashuka Bi Atija, na nyuma yake binti mwingine, Zaina, mdogo wake Lukia, naye kaolewa ng'ambo, tumbo lake mbele. Wamepanda bodaboda, wamepanda lori la mihogo, wamefika. Bi Atija hakunisalimia vizuri, alikuwa na hasira. Aliuliza tumempeleka wapi Atanasia. Nikamwambia. Akauliza bara ile ni mbali kiasi gani, nikamwambia ni mbali sana. Akakaa kwenye boksi la dripu, na mimi siruhusu mtu kukaa kwenye boksi la dripu, lakini siku ile nilimwacha akae.

"Basi nimekuja kwako," akasema. "Wewe ulikuwepo Lukia alipovuja damu. Huyu atazalia kwako."

Nikawachukua. Walikaa chumba changu cha uani hapa Magomeni, na Bi Atija alinisumbua vya kutosha, sufuria zangu zote aliziona ndogo, akaniambia mchuzi wangu ni wa hospitali. Siku ilipofika tukampeleka Zaina hospitali kwa bajaji. Msichana wa mapokezi akauliza mkazi wa wapi. Bi Atija akanitazama, Zaina akanitazama, naye alikuwa hawezi hata kusimama.

Nikasema, "Wa Magomeni. Anakaa kwangu."

Akaniuliza mimi ni nani yake. Nikasema mama yake mkubwa. Akaandika.

Zaina alijifungua mtoto wa kike, na damu ikataka kufanya kama ya dada yake. Sindano ikawepo, ilitoka katika mzigo nilioupakia mwenyewe wiki ile. Sijawahi kuona dawa yangu ikifika kwa mtu huku nimemshika mkono, ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho. Nililia mbele ya manesi, sina aibu kusema.

Sasa niambieni nyinyi wenye mifumo. Kwenye kioo yuko mzazi wa Magomeni ambaye baada ya arobaini alirudi ng'ambo. Mwaka uliofuata Magomeni iliongezewa dawa kwa ajili yake, na kijiji cha mama yake hakikuongezewa hata moja. Nilifanya jema au niliharibu hesabu zaidi? Nimewauliza wajuzi, kila mmoja ana jibu lake. Erasto mwenyewe hunitembelea hapa kibarazani, anaendelea na barua zake, na swali hilo tunalirudia kila mara.

Jioni ile ya kuzaliwa kwa mtoto nilimpigia Atanasia huko bara. Nilitaka kumwambia mengi, kwamba Erasto anaandika, kwamba huenda jina lake litasafishwa, kwamba nimestaajabishwa na ulimwengu. Nikaanza na habari ya Zaina, nikasema amejifungua, tena alivuja damu kama dada yake.

Akanikata kauli. Mara hii hakungoja kufikiri.

"Ilikata?"

"Ilikata," nikamwambia.

Nikamsikia anavuta pumzi. Akasema kesho Alhamisi ana kliniki ya chanjo, ana watoto wengi, acha akalale. Sikupata kumwambia lile la jina lake, na yeye hakuuliza.